Majibu ya Maji Yetu

Mwangoye, Majimoto
12 Julai 1997

Mdogo wangu Mwandu,

Salamu zikukute huko kwenye joto la Dar es Salaam, wewe na wifi yangu Salima. Huku baridi imetubana, asubuhi ng'ombe wanatoa moshi puani. Mpunga tumevuna, siyo haba, ingawa ndege kweleakwelea walikula fungu lao kabla yetu. Mama ni mzima, bado anagombana na kila anayemwambia apumzike. Yotham wangu ameota jino la kwanza na anamng'ata kila anayempenda.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Ni Felista. Unakumbuka alivyokukimbilia ulipokuja likizo? Siku hizi hakimbii. Miguu yake imeanza kupinda magotini, kila mmoja unakwenda kwake, na akisimama muda mrefu analia mifupa. Meno yake mapya yametoka na madoa ya kahawia, kama tunavyoyaona kwa watu wa Arusha. Nilidhani ni mwanangu peke yake. Juzi nikawapanga watoto wa darasa la pili mstarini, nikawaangalia kwa jicho la mama badala ya jicho la mwalimu. Mwandu, wote wanaotoka kitongoji chetu cha kwa Masunga wana meno yale, na wengi miguu inaelekea huko huko. Wa vitongoji vingine, huyu anayo, yule hana.

Ndipo nikawakumbuka wale watafiti wa mwaka 1994. Walichota maji ya kila kisima, wakawafungua watoto wetu midomo kama ng'ombe mnadani, wakawapa vichupa wakojolee. Mkubwa wao, Mtanzania mwenzetu, alisimama mkutanoni akasema, "Ndugu wananchi, majibu tutawaletea wenyewe." Mimi ndiye niliyeanza kupiga makofi. Hatujaona hata kivuli chao. Walitoka kwenye hiyo hiyo Taasisi ambayo mwaka jana ilikuajiri maktaba. Basi tafuta. Kama walipima, walipata kitu.

Fanya haraka. Watu hawawezi kukaa na ugonjwa usio na sababu. Wasipopewa sababu wanaitengeneza. Kuna mama mmoja hapa ameanza kusemwa kwamba ndiye anayewafunga watoto miguu. Sitaki kuandika mengi.

Dada yako,
Nyanzala


Dar es Salaam
20 Agosti 1997

Dada Nyanzala,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Sisi wazima. Salima anawasalimu na anauliza lini mtatuletea mchele wa Majimoto, maana huu wa dukani anasema hauna harufu ya kitu chochote. Msalimie sana Mama. Mwambie ile shuka aliyonipa bado ndiyo ninayojifunika, joto au si joto.

Dada, nimesoma habari za Felista mara nyingi, na kila mara nilikuwa nasimama pale pale, kwenye neno hakimbii.

Nimetafuta. Hapa maktaba tuna kompyuta moja inayosoma visahani vinavyoletwa kutoka ng'ambo, na ndani yake kuna majina ya makala za kisayansi za dunia nzima. Nikaandika Mpanda, nikaandika maji. Kioo kikawaka, na humo nikaona jina la kijiji chetu. Mwangoye! Limeandikwa katika jarida la Ulaya, limechapishwa mwaka jana, na watu wa huko wanalisoma. Wa kwanza kwenye orodha ya waandishi ni profesa mmoja mgeni. Wa pili ni mkurugenzi wangu, Daktari Ubaldo. Nadhani ndiye yule uliyempigia makofi.

Lakini kinachoonekana ni muhtasari tu, aya moja fupi. Unasema baadhi ya visima vina madini yaitwayo floraidi kupita kiasi. Kidogo husaidia meno; yakizidi huchafua meno na, kwa mtoto anayekua, hupindisha mifupa. Aya inaishia hapo. Visima gani? Haisemi. Ukitaka makala nzima, lazima maktaba iwe imelipia jarida lile kwa fedha za kigeni, na yetu iliacha kulipia majarida zamani. Rafu zimejaa matoleo ya miaka ya themanini. Yaani maji ni yetu, watoto ni wetu, na majibu yamewekwa mahali ambapo hata maktaba ya waliopima haiingii.

Nilikwenda kwa Daktari Ubaldo, ambaye nakala anayo kabatini. Akasema nisubiri, kutakuwa na ripoti ya wizara. Nikauliza lini. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Kwa sasa, dada, msiwape watoto maji ya kisima msichokijua. Na niambie, huyo mama anayesemwa ni nani? Mbona hukumtaja jina?

Mdogo wako,
Mwandu


Mwangoye
5 Oktoba 1997

Mwandu,

Sisi tupo. Mvua zimeanza mapema na zinanyesha kama zimetumwa. Mama yupo, anakusalimia.

Barua yako imeniwasha moto. "Baadhi ya visima"! Kijiji hiki kina visima sita vya pampu. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamsomea ulichoandika. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza, "Mwalimu, nifunge vipi?" Akaendelea, "Nikifunga vyote watu wakanywe mto na ng'ombe wao? Nikifunga kimoja, nikakosea, nitakuwa nimewapeleka watoto wazima kwenye sumu. Niletee karatasi inayotaja kisima." Nilitaka kumkasirikia, lakini ana haki. Ambaye hana haki ni huyo bwana wako mwenye kabati.

Subiri ripoti! Mwanangu hangoji ripoti ndipo arefuke. Kila siku anakua, na kila siku anakunywa. Nimejaribu kumpa maji ya mvua, lakini akienda kucheza anakunywa kwa wenzake. Mwambie Daktari wako kwamba mimi ni mwalimu, na mtihani ukishasahihishwa mwanafunzi anapewa karatasi yake. Haijalishi kama mwalimu anataka kuuonyesha kwa wageni kwanza.

Hapa mambo yanachemka. Sungusungu, hawa walinzi wetu wa kijiji, wamefanya kikao chao bila mwenyekiti. Wamemleta mganga kutoka mbali, amezunguka kitongoji na mkia wa nyumbu, akasema miguu ya watoto imezikwa karibu na kisima. Basi kila mtu anatazama nani anaishi karibu na nini.

Umeuliza jina la yule mama. Jina halitakusaidia. Tafuta karatasi.

Nyanzala


Dar es Salaam
9 Novemba 1997

Dada yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa mvua. Tunasikia kwenye redio kwamba reli imezolewa maji kule Dodoma. Salima ana ujauzito, nilitaka kukuambia kwa furaha kubwa kuliko hii, lakini leo furaha inabanwa na mengine. Mwambie Mama aanze kutafuta jina.

Soma hili kwanza kabla ya yote: KISIMA KIBAYA KULIKO VYOTE NI KILE CHA KWA MASUNGA. Msikinywe, msikipikie. Cha Mnadani nacho kibaya. Cha Shuleni na cha Bondeni ni salama kabisa. Viwili vilivyobaki ni vya wastani, mtoto mdogo asipewe.

Sasa nikueleze nimepataje. Nilirudi kwa Daktari Ubaldo nikiwa na barua yako mfukoni. Nikamwambia watoto wanapinda miguu wakati huu tunaoongea. Akavua miwani.

"Mwandu, wewe ni kijana mzuri. Lakini makala ni mali ya wachapishaji, na takwimu ni mali ya mradi. Na kuna awamu ya pili. Tukiwatangazia leo, watu watahama visima, na hatutaweza kupima tena madhara yanavyoendelea. Utafiti wote utavurugika."

Nilimuuliza, "Kwa hiyo wanywe?"

Akasema, "Sijasema hivyo." Na kweli, dada, hakusema hivyo. Alichosema ndicho hicho kwa maneno masafi.

Nikamwandikia yule profesa kwa imeli, yaani barua inayopita ndani ya kompyuta. Ilifika Ulaya na jibu likarudi kabla sijamaliza chai. Maneno matamu sana, shukrani kwa kujali kwangu, na mwisho akaniambia suala hili nilipeleke kwa Daktari Ubaldo.

Hapo nikaacha kuomba wakubwa. Kuna kundi la wakutubi wa nchi mbalimbali tunaoandikiana kwa imeli, tukisaidiana vitabu. Nikawaandikia wote: natafuta makala hii, inahusu kijiji nilichozaliwa. Mama mmoja wa maktaba ya Denmark, hatujawahi kuonana, akaenda kwenye rafu yake, akapitisha kurasa moja moja kwenye mashine ya kupiga picha, akanitumia zote. Hakuniuliza cheo changu. Aliandika mstari mmoja tu: kama ni maji yenu, ni yenu kuyasoma.

Nimezisoma kwenye kioo, maktaba ikiwa imefungwa. Ramani ya kijiji chetu ipo, dada. Mti wa sokoni upo. Kisima chetu kimepewa namba.

Nimetafsiri kila kitu kwa Kiswahili na kuweka kwenye disketi pamoja na kurasa zenyewe, maana hapa printa iko mezani kwa katibu muhtasi wa Daktari na kila karatasi inaulizwa. Disketi na barua hii nampa Melkior, yule mfanyabiashara wa mchele anayerudi Mpanda. Mjini Mpanda, ofisi ya shirika la wakimbizi ina kompyuta. Nenda, watakuchapia, mwenyekiti apate karatasi yake. Pia natuma simu ya maandishi leo leo.

Mwandu


Mwangoye
18 Januari 1998

Mwandu,

Tangu barua yako ya Agosti sijapata nyingine. Daraja limesombwa, magari ya Mpanda hayaji. Barua hii inabebwa na dereva anayezungukia Sumbawanga.

Sasa nitasema. Yule mama ni Mama yetu.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeacha kazi na kupanda treni, na ukifika ungekuja na mikono mitupu, bila ile karatasi. Nilidhani karatasi itafika kwanza.

Kisima kilichimbwa kwenye kiwanja cha marehemu baba, Mama ndiye aliyekitoa, bure, unajua. Walianza kusema alikitoa kwa kusudi. Wakasema macho yake mekundu. Yakose kuwa mekundu vipi, mtu aliyepulizia kuni miaka yote hiyo kutulea mimi na wewe?

Walikuja siku ya mnada, mchana, watu wengi wakiwa sokoni. Walikuwa wanaume wanne na hawakujifunika nyuso. Mmoja ni baba wa mtoto ninayemfundisha kusoma. Mama alikuwa anaanika mpunga. Alimwita huyo mmoja kwa jina, akamuuliza, "Mwanangu, umekula?" Ndivyo alivyozoea kumuuliza. Yule mwanamume akainua panga, Mama akainua mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia havipo tena. Walichoma nyumba na ghala. Waliomwokoa ni wanawake waliokuwa kisimani, walipiga yowe na kuwarushia ndoo, ndoo za maji yale yale.

Amelazwa zahanati. Haongei. Barabara ikifunguka nitampeleka Kabungu kwa shangazi Bernadetha.

Polisi walifika baada ya siku nyingi kwa sababu ya barabara. Wawili wamekamatwa, wawili wamekimbilia porini.

Nataka ujue kwamba sina hasira na mvua.

Nyanzala


Dar es Salaam
22 Februari 1998

Dada,

Sijui nianze na salamu gani.

Ulimficha Mama ndani ya "mama mmoja" na mimi nikasoma na kupita. Nimekasirika nawe na sina pa kuiweka hasira hiyo, kwa sababu najua ulikuwa unanilinda.

Melkior alikwama Dodoma, halafu Tabora akaugua. Nimepata habari kwamba sasa yupo njiani. Disketi anayo. Yote unayotaka yamo humo tangu Novemba. Tangu Novemba, dada! Na katika kabati la mtu mmoja yalikuwepo zaidi ya mwaka kabla ya hapo.

Nimetaka kuja, treni haziendi. Nitakuja zikianza. Mshike Mama mkono ule mzima, mwambie ni mimi.

Kwa sasa usiandike tena kwa anwani ya Taasisi. Tumia sanduku la kanisa, nimeliandika nyuma ya bahasha. Ni kwa urahisi tu.

Mwandu


Kabungu
3 Aprili 1998

Mwandu mdogo wangu,

Tumefika kwa shangazi. Anakusalimia na kusema umemsahau. Kidonda cha Mama kimefunga. Ameanza kuongea, siku ya kwanza alimkaripia shangazi kwa kuunguza uji, tukalia wote kwa furaha. Felista tumekuja naye. Yotham anatembea, miguu imenyooka, na ninamtazama kila asubuhi kama mtu anayekagua mtego.

Melkior alinikuta Mpanda. Nilikwenda posta kwanza, na pale dirishani nikakabidhiwa simu yako ya maandishi: MSINYWE KISIMA KWA MASUNGA. Ilikuwa imelala pale tangu Novemba ikingoja gari la Majimoto. Niliisoma nimesimama, watu wakanipisha foleni.

Ofisi ya shirika la wakimbizi nilimkuta Séverine, mama wa Kirundi, katibu wao. Alipoiona disketi akasema leo umeme wa jenereta ni wa saa chache, "lakini kaa hapa, mwalimu." Akaiingiza. Mashine ikaguna. Mimi sijawahi kusoma kitu kwenye kioo, nilidhani nitaona maandishi ya ajabu. Nikaona Kiswahili chako. Nikaona ramani, na njia ninayopita kwenda shule, na namba sita, ile ya kisima chetu, karibu na nyumba ya Mama.

Nilimwomba Séverine arudi ukurasa wa kwanza. Pale chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa makala ilipokelewa lini na jarida. Machi 1995. Felista alikuwa na miaka sita, anaruka kamba. Na kisima cha Shuleni, Mwandu, safi, salama, ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa mchakamchaka kutoka nyumbani kwetu. Hatukuhitaji dawa wala mzungu wala bomba. Tulihitaji mtu mmoja aje aseme, "Choteni kule."

Nikasoma mpaka ukurasa wa mwisho, pale wanapoeleza mifupa. Séverine aliniuliza kama nataka maji ya kunywa. Nikatoka. Na Felista, aliyekuwa nje akicheza na watoto wa wakimbizi wa Katumba, nikamnunulia andazi.

Walituchapia nakala, Séverine akazigonga muhuri wa kupokelewa wa ofisi yake ili mwenyekiti aridhike. Nilirudi kijijini nikazisoma mkutanoni, neno kwa neno. Mzee mmoja akasema, "Hayo yametoka kwenye kompyuta, kompyuta haimjui mchawi." Mama wa yule mwanamume aliyemkata Mama akasimama. Nilidhani atanitukana. Akamgeukia yule mzee: "Nyie kaeni na mganga wenu. Mimi wajukuu wangu kesho wanachota Shuleni." Wakaanza kuinuka wanawake mmoja mmoja. Jioni ile ile mwenyekiti aliamuru mpini wa pampu yetu ung'olewe.

Lakini Melkior ana mdomo. Amesema hukumpa mzigo ule ofisini, na aliporudi Dar kwa lori mwezi wa kwanza kutafuta dawa alikuta huna ofisi tena. Na wewe ukaniandikia "kwa urahisi tu." Nieleze.

Nyanzala


Dar es Salaam
10 Mei 1998

Dada,

Salima amejifungua salama, mtoto wa kike. Jina ni la Mama, hatukungoja achague. Ni mweusi, mkali, analia mpaka majirani wanabisha hodi.

Ndiyo, nilifukuzwa. Siyo kwa disketi yako. Ile hakuna aliyeijua.

Baada ya Melkior kuondoka nilikaa nikatazama ramani tena. Makala ile haikuwa na Mwangoye peke yake, ilikuwa na vijiji vingine vya bonde lile, na mimi nilikuwa nimeokoa cha kwetu tu, nikiamini hivyo. Basi nikaichukua tafsiri yangu kwenye kompyuta ya maktaba, nikaituma kwa imeli kila mahali nilipojua pana mashine: kwa ofisi ya Dar ya shirika la Séverine, imfikishie mganga mkuu wa wilaya, kwa idara ya maji, kwa misheni zenye kompyuta, kwa kundi la wakutubi, na kwa magazeti mawili. Niliandika juu yake: nakili, soma, mpe mwingine. Gazeti moja likaitoa.

Daktari Ubaldo aliniita gazeti likiwa limekunjwa mezani.

"Nani alikupa ruhusa ya kugawa kazi yangu?"

Nikamjibu, "Daktari, mkojo ule ulikuwa wa mpwa wangu."

Alisema nimeiba. Nikamwambia kama nimeiba, anitajie ni nini alichopungukiwa. Makala bado anayo, jina lake bado lipo, na sasa imesomwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kulifungua lile jarida. Alinyoosha kidole mlangoni. Nilipotoka niliufunga, maana anapenda ufungwe.

Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na Mama zahanati. Tumetendeana sawa, dada, tusigombane.

Sasa napiga chapa kwenye kibanda cha jamaa Kariakoo, barua za mirathi na matangazo ya harusi. Siyo Taasisi. Lakini kila wiki inakuja bahasha ya mtu: mwalimu wa Singida, nesi wa Kigoma, wanataka niwatafutie makala waliyosikia inawahusu. Nawaandikia wakutubi wenzangu usiku, wakinitumia makala nawapelekea wenyewe, kama yule mama wa Denmark alivyonifanyia. Mwambie Mama aje Dar akae nasi.

Mwandu


Mwangoye
28 Juni 1998

Mwandu mpenzi,

Mbusu Mama mdogo. Bibi yake amecheka alipoambiwa ni mkali, akasema hao ndio wanaoishi. Kuhusu kuja Dar anasema hapana, huko hata jogoo hana pa kusimama. Amerudi hapa kijijini. Wanawake wamemjengea nyumba upande wa Shuleni. Kushika mwiko anajifunza kwa mkono wa kushoto.

Ndugu za wale waliomkata walikuja na ng'ombe dume kuomba radhi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akakataa ng'ombe. Akasema, "Watoto wenu walinikata kwa kutojua. Sijawasamehe, lakini nyuso zao nazijua. Yupo mmoja aliyejua akakaa kimya. Huyo ndiye sijamwona uso."

Basi wiki iliyopita akaja. Siongezi chumvi. Magari yale yale, Daktari Ubaldo akiwa na wageni wawili vijana na makasha ya vichupa. Awamu ya pili. Mkutano ukaitishwa, kijiji kizima kikaja, hata wa Mnadani. Alisalimia vizuri, akaanza kueleza kwamba wanahitaji tena mkojo wa watoto na picha za mifupa.

Mwenyekiti akamkatiza. "Daktari, hapa siku hizi tuna utaratibu. Kabla ya kuchukua cha pili, unasoma cha kwanza." Akampa nakala yako, ile yenye muhuri wa Séverine.

Aliitazama kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwingine. Akasema ni ndefu. Mama akainuka alipokuwa amekaa, akaenda taratibu, akaketi kwenye benchi la mbele karibu na meza yake, akauweka mkono wake wa kulia juu ya meza. Yule kijana mgeni aliuona akageuza uso. Daktari akaanza kusoma.

Akasoma, Mwandu, kwa Kiswahili chako. Alipofika namba sita akaacha kusoma. Mama akamwambia, "Soma, baba. Mimi ndiye mwenye kisima." Akasoma.

Alipomaliza, mwenyekiti akasema kwamba vichupa tutawapa, kwa sharti kwamba majibu yatabandikwa ukutani shuleni kabla hayajapelekwa Ulaya, na waliandike hapo hapo, na wageni watie saini pamoja naye. Yule kijana mgeni alitia saini wa kwanza. Daktari alitia wa mwisho.

Halafu akauliza, kama wanavyouliza wote, "Kuna swali?"

Felista akanyoosha mkono. Alikuwa amekaa na wenzake chini, akasimama kwa kushika bega la jirani, kama anavyosimama siku hizi.

"Miguu yangu itanyooka?"

Daktari Ubaldo alitazama karatasi. Jibu lilikuwa ukurasa wa mwisho na ndiyo kwanza alikuwa ameuruka. Mimi niliujua tangu siku ile Mpanda. Nilikuwa nimeutembeza kichwani miezi hii yote, nikimnunulia maandazi, nikimwambia tutaona.

"Tunaendelea na utafiti," akasema.

Nikainuka, Mwandu, mbele ya kijiji, mbele ya Mama. Nikasema mwenyewe, "Haitanyooka, mwanangu. Imeandikwa. Ila ya Yotham haitapinda."

Felista akauliza kama anaweza kuisoma mwenyewe hiyo karatasi, nikamwendea Daktari, nikaichukua mkononi mwake, nikampa.

Dada yako,
Nyanzala